Jukwaa la Kaka, Namba Tisa

Jumamosi, 31 Agosti

Kesho mto unafunguliwa. Miezi kumi ya kungoja, miezi miwili ya kuvua. Nyavu tayari. Gambuti nimeziba. Mizani nimeijaribu kwa kilo moja ya sukari, iko sawa. Mimi ndiye siko sawa.

Kaka yangu Lindsay amelazwa mjini, wiki ya tatu hii. Mapafu. Vumbi la kiwanda cha mbao, miaka thelathini. Daktari amemwambia binti wa Lindsay, Raewyn, asihesabu miezi. Ahesabu wiki.

Na mimi nahesabu. Jukwaa namba tisa, la mbao, la kuvulia hapa ukingoni, ni lake. Namba kumi ni langu, mita kumi na tisa zaidi kuelekea juu ya mto, nyuma ya kichaka. Hatuonani, tunasikilizana kikohozi tu. Maji yakijaa, dagaa wanatoka baharini na kupanda mto wakiambaa na ukingo wetu. Anayewapata kwanza ni Ngaire, namba nane. Mjane huyu anajaza ndoo moja, anakunja wavu, kisha anakaa pale pale kufuma soksi kana kwamba mto ni sebule yake. Wa pili Lindsay. Wa mwisho mimi. Misimu ishirini na miwili nakula makombo ya kaka! Mwaka jana yeye kilo 61, mimi 34. Na zile 34 ni ujuzi mtupu. Mtu mwingine pale kumi angepata mafua.

Sasa shida yenyewe. Jukwaa haliuzwi, wala haliendi kwa damu. Mwenye namba anatia sahihi kumpa mtu mmoja, angali hai. Akifa bila sahihi, namba inarudi kwa baraza la mkoa, na barazani kuna orodha ya watu mia na arobaini. Nimeulizia. Ningekuwa wa mia na arobaini na moja.

Fomu ninayo tangu Julai. Nimeijaza yote, hata kisanduku cha barua pepe. Kilichobaki ni mkono wa Lindsay.

Lakini hospitali iko kilomita 112. Saa moja na dakika arobaini kwenda, hivyo hivyo kurudi. Na mto una desturi yake, ya zamani kuliko baraza: jukwaa tupu ni la aliyewahi, mpaka mwenyewe atokee. Nikienda mjini, mtu atakaa tisa. Akikaa siku tatu atapata marafiki. Akipata marafiki ataandika barua.

Mimi si mtu wa kupewa. Nilianza na toroli moja na koleo la kuazima, nikastaafu na malori manne ya kuchimba mitaro. Nitalinda kwanza. Sahihi itafuata.

Jumapili, 1 Septemba

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri nimeshaketi tisa. Baridi, manyunyu, usubi. Kiti cha kaka kimefanya shimo la umbo lake. Mimi mwembamba. Nikazama.

Kulipopambazuka nikasikia kikohozi kutoka kumi. Si changu, mimi niko tisa. Nikazunguka kichaka. Daktari wa meno wa kutoka Christchurch, koti jipya, anatandaza wavu kwenye jukwaa langu!

Nikamwambia lina mwenyewe. Akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema ni mimi. Akauliza kwa heshima kama kuna ushahidi. Nikamwonyesha kibao chenye jina langu. Akakisoma mara mbili, akaomba radhi, akakusanya vitu vyake kimoja kimoja, akanipa mkono. Kisha akazunguka kichaka akaketi tisa.

Sikuweza kumtoa. Mwenye tisa si mimi. Desturi ni desturi, na mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha dakika tano nyuma.

Ngaire aliona yote. Akaniambia hajapata kuona mtu akinyang'anywa viti viwili kwa tako moja.

Hesabu ya leo, maji yote tangu kuanza kujaa mpaka kusimama: daktari wa meno, kilo 4.1. Mimi, gramu 210. Gramu mia mbili na kumi, kwenye jukwaa langu, kwa mikono yangu!

Mtu anayeng'oa meno hana subira ya dagaa. Ni bahati ya mgeni.

Jumatano, 4 Septemba

Ufumbuzi. Umekuja wakati nalisha kuku.

Jukwaa tupu ni la aliyewahi. Basi lisiwe tupu. Nilikuwa na ufunguo wa kibanda cha Lindsay. Nikachukua koti lake la mvua la kijani, kofia yake ya sufu, suruali yake ya mpira. Nikazijaza nyasi kavu. Kichwa ni boya la plastiki. Nikamketisha tisa, mgongo kwa njia, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayetazama maji. Mkononi mpini wa wavu, bila wavu, maana sheria inakataza wavu usio na mtu na mimi ni mtu wa sheria.

Kutoka njiani ni Lindsay kabisa. Hata mimi nilishtuka.

Imefanya kazi. Wavuvi wawili wamepita wakapunga mkono. Daktari wa meno alimsalimia, akangoja jibu, akamsalimia tena, akaongea naye kuhusu hali ya hewa kama dakika kumi. Akaondoka akilalamika kwamba watu wa pwani hii hawana adabu.

Mimi nikavua kumi kwa amani. Kilo 3.8! Nimerudia kupima. Ule ubao mweupe ninaouzamisha niwaone wakipita, niliupaka rangi upya Agosti. Ndio huo. Kama kumi linanipa kilo 3.8, tisa litanipa ngapi?

Ngaire alikuja na kikombe cha chai akakiweka mbele ya sanamu. Nikamuuliza changu kiko wapi. Akasema huyu ana mazungumzo zaidi. Halafu akaacha utani. Anakwenda mjini kesho, huenda kila Alhamisi. Lindsay hali tena chakula cha kutafuna. Ananiulizia.

Nikamwambia amweleze kuwa mdogo wake yuko hapa anamlindia kitu chake, mvua na jua. Nikampa ile fomu ndani ya bahasha, na kalamu nimeifunga kwa uzi ili isipotee. Ngaire akautazama uzi kwa muda mrefu.

Ijumaa, 6 Septemba

Bahasha imerudi. Uzi upo, kalamu ipo, sahihi hakuna.

Lindsay amesema nilete mwenyewe.

Hii ndiyo tabia yake. Tangu tukiwa wadogo. Ukitaka mkate, njoo uombe. Mimi nikiomba naota vipele.

Mtoni hakuna mtandao wa simu. Nikapanda barabarani kwa gari hadi kwenye daraja, nikampigia. Sauti imekonda. Kila neno analilipia.

"Clarrie. Wanapanda?"

Nikamwambia wanapanda kiasi.

"Basi njoo tukae."

Nikamuuliza, nikija nani atabaki na jukwaa? Nikamweleza hatari ya daktari wa meno kwa kirefu, na jinsi barua zinavyoandikwa. Akakohoa. Nilitazama saa: dakika moja na sekunde hamsini. Kisha akasema:

"Jukwaa halina miguu, Clarrie."

Akakata. Au mashine yao ilikata.

Nimelipima neno hilo toka mchana. Ni kweli halina miguu. Ndiyo maana mtu anaweza kulikalia. Kaka hajaelewa hoja yangu.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeazimia. Nimepanga kama kazi ya mtaro. Maji yamesimama saa moja na nusu asubuhi. Baada ya hapo yanapwa, kwa muda wa saa sita hivi hakuna cha kuvua. Kuondoka saa mbili. Kufika saa nne kasoro dakika ishirini. Sahihi, dakika tano. Salamu, dakika ishirini na tano. Kurudi kabla ya saa sita mchana. Sanamu mahali pake. Fomu mfukoni, kalamu mbili.

Nikaondoka saa mbili na dakika tatu. Kilomita ya 38, kwenye duka la mikate ya nyama, nikasimama kununua mkate mmoja. Nikiwa na mkate mdomoni yakapita magari matatu yakielekea mtoni kwetu, nyavu juu ya paa. Matatu! La kati lilikuwa la daktari wa meno. Sanamu inaweza kumhadaa mtu mmoja. Watu sita hawahadaiki, mmoja lazima atamgusa bega.

Nikageuza gari. Mtu yeyote mwenye akili angegeuza.

Nilipofika, magari matatu hayakuwepo. Yalikuwa yameenda mto mwingine. Lakini palikuwa na lori la maziwa limeegeshwa vibaya, na Raewyn ameketi ukingoni tisa, karibu na sanamu, magoti kifuani. Anaendesha lori hilo mchana na analala hospitali usiku. Ametoka kwa baba yake alfajiri, amepita kuomba dagaa kidogo. Lindsay hawezi kula, lakini anataka awanuse wakikaangwa na mayai. Wauguzi wamekubali jiko lao litumike.

Nikamuuliza habari ya lori.

"Nilimwona kutoka barabarani," akasema. "Nikashuka mbio, Anko. Nilifikiri ametoroka hospitali."

Akacheka kidogo. Akavua sanamu koti, kwa utaratibu, mkono mmoja kisha wa pili, kama anavyomvua baba yake huko wodini. Akalivaa. Nyasi zikamwagika majini. Boya likaenda na mto.

Nikamuuliza kama mikono ya baba yake bado ina nguvu. Ya kushika kalamu, kwa mfano. Akanitazama. Akasema mikono ni mizima, kilichokwisha ni pumzi.

Nikampa dagaa. Mizani ilisoma gramu 240. Nikaongeza mpaka 250, maana ni familia.

Jumanne, 10 Septemba

Mvua. Mto umepanda mita moja na nusu, rangi ya chai ya maziwa. Hakuna anayeweza kuvua. Hakuna anayeweza kukaa tisa hata akitaka, liko chini ya maji.

Siku nzuri ya kwenda mjini. Lakini mvua hii ikikatika, mto utasafika kwa saa chache, na dagaa waliozuiliwa baharini siku mbili watapanda wote kwa pamoja. Nimeliona hilo mara nne katika maisha yangu. Anayekuwa mjini siku hiyo hujuta mpaka kaburini.

Nikashinda kibandani napiga rangi ubao mweupe. Tabaka la pili.

Alhamisi, 12 Septemba

Imekuja.

Mvua ilikatika jana jioni. Leo jua, milima inang'aa theluji, miti ya kowhai imechanua njano mpaka inaudhi macho. Maji yalianza kujaa alfajiri, mto ukasafika saa mbili. Nikakaa tisa, hapakuwa na sanamu tena wala mtu. Ngaire hakuwepo, Alhamisi yake. Nikashusha wavu wa Lindsay, nikafunga majini uzio wa waya wa kuwaelekeza wavuni, mpaka ukingoni, pasipite hata unywele.

Sijaona kitu kama kile. Mkanda mzima chini ya maji, upana wa mkono, hauna mwanzo wala mwisho. Nilikuwa nainua wavu kila dakika kumi na kuandika papo hapo, ili hesabu isiwe ya kukisia:

Saa tatu na nusu, kilo 0.9. Saa nne kasoro dakika ishirini, kilo 1.2. Saa nne kasoro dakika kumi, kilo 1.1. Saa nne kamili, kilo 1.4. Saa nne na dakika kumi, kilo 1.4. Saa nne na dakika ishirini, kilo 1.3. Na kuendelea. Jumla kilo 11.2!

Saa nane nikapanda na ndoo mbili mpaka kwenye gari. Nikiwa darajani simu ikaanza kutikisika yenyewe. Raewyn, mara tano. Ngaire, mara mbili. Ujumbe mmoja.

Lindsay amefariki saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Nimefungua daftari kuangalia. Kilo 1.3.

Nilikaa ndani ya gari. Ndoo zilikuwa zinachuruzika kwenye kiti. Kisha nikatoa fomu kwenye kisanduku cha gari nikaisoma tena, maandishi madogo ya nyuma, kama kuna kifungu chochote. Hakuna kifungu.

Jumatatu, 16 Septemba

Tumemzika. Raewyn alitaka saa tano asubuhi. Nikamshauri saa nane mchana, maji yatakuwa yameanza kupwa, watu wa mtoni watahudhuria. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye hataki tena kubishana juu ya kitu chochote. Nilisema kweli: tulijaa kanisani mpaka nje.

Nilibeba jeneza upande wa kushoto, mbele. Jepesi. Alikuwa mtu wa kilo 96.

Ukumbini kila mtu alileta vimanda vya dagaa, kama ilivyo ada. Ngaire peke yake alileta sahani nne. Mimi nilileta kimoja, kinono. Kilo kumi na kitu ziko friza, lakini msimu ni mrefu.

Raewyn akaniita pembeni, karibu na birika. Alikuwa amevaa lile koti la kijani juu ya gauni jeusi. Akanipa bahasha. Ndani fomu. Si yangu, nyingine, kaka ameijaza mwenyewe, mwandiko unapanda na kushuka. Jukwaa namba tisa, kwa Clarence Scoular, mdogo wangu. Sahihi. Tarehe: kumi Septemba.

Jumanne ile! Nilipokuwa napaka rangi ubao.

Nikamuuliza kwa nini hakuituma. Siku sita roho yangu imekuwa juu!

"Alikataza isitumwe," akasema. "Kila asubuhi aliniuliza maji yanajaa saa ngapi. Kisha anahesabu kwa vidole saa utakayoingia."

Nikakagua kama tarehe imeandikwa kwenye kisanduku sahihi. Imeandikwa.

Ndipo akaja Ngaire na kikombe chake. Nilidhani anakuja kunipa pole. Akasema anaomba niahidi jambo moja, kwa kuwa sasa tisa ni langu. Nikamwambia aseme.

"Ile saa ya Lindsay uiendeleze."

Nikauliza saa gani.

Akanitazama kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo. "Clarrie, wewe kweli hujui? Kila maji yakijaa alikuwa anainua wavu na kufungua uzio saa nzima. Saa ile wanapopita wengi. Anakaa anawatazama. Nilimwambia, Lindsay, unapoteza. Akasema acha, wacha wamfikie Clarrie. Mimi nilimwona kila siku. Wewe kichaka kilikuziba."

Nikamwambia huu si wakati wa mzaha. Akasema kweli, si wakati wake. Akaenda kuosha sahani.

Nimerudi nyumbani nikakaa na daftari. Hesabu haina huruma, kwa hiyo naiamini. Misimu ishirini na miwili. Kila msimu navua maji arobaini hivi. Saa moja kwa kila maji, ni saa 880. Kwa saa nzuri hupita kilo 0.8. Jumla kilo 704.

Nilichovua mimi kumi, misimu yote ishirini na miwili: kilo 717.

Tofauti, kilo kumi na tatu.

Nimerudia mara tatu. Halafu nikapata kosa: Ngaire. Mtu anayefuma soksi hawezi kupima saa. Pengine ilikuwa dakika kumi, ya kunywa chai. Kaka alipenda chai. Na hata ikiwa kweli, ni nani aliyekuwa pale kumi kuwakamata wakifika? Ni nani aliyepaka ubao rangi? Dagaa hawaingii wavuni kwa barua ya utambulisho.

Jambo moja ndilo linaniuma. Kama ni kweli, basi tisa lilikuwa na kilo 704 zaidi ambazo zingevuliwa na hazikuvuliwa. Hivyo ndivyo alivyolitunza jukwaa ninalorithi! Mtu mmoja, namba moja, na anaifungulia mlango.

Jumamosi, 21 Septemba

Baraza limejibu. Tisa ni langu rasmi. Lakini mtu haruhusiwi namba mbili, lazima nitoe kumi.

Nilifikiria daktari wa meno. Alikuwa tayari, na ana adabu, na angenishukuru maisha yake yote. Kisha Raewyn akaja na kusema angependa kukaa mtoni kidogo, hajui pa kuupeleka mwili wake asubuhi hizi, hospitali hakuna tena pa kwenda. Ameomba likizo ya lori.

Nikampa kumi. Mbele ya Ngaire, aone. Nikasema kwa sauti kwamba damu ni damu.

Ngaire akaniambia nimefanya vyema. Mara ya kwanza tangu nimjue. Nikajisikia vizuri mpaka nilipofika nyumbani.

Nimeanza kufuma uzio mpya wa waya. Wa Lindsay una matundu mapana mno.

Jumatano, 30 Oktoba

Mto umefungwa jioni hii. Jumla za msimu, nikiwa tisa tangu tarehe 22 Septemba: mimi kilo 83.4. Rekodi ya ukingo wetu! Raewyn, kumi, kilo 1.9.

Hakulalamika hata siku moja. Anakaa na koti la baba yake, anatazama maji matupu. Saa nne analeta chai, vikombe vitatu, anamwachia Ngaire kimoja, mimi kimoja. Ngaire ameacha kusema nami toka wiki ya kwanza ya Oktoba. Akiwa na neno anamwambia Raewyn, nami niko katikati.

Niandike na hili, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Jana nilijaribu. Maji yalikuwa yanajaa, saa ile ile. Raewyn alikuwa amekohoa nyuma ya kichaka, kikohozi kidogo tu, cha baridi, na mkono wangu ukajikuta umeinua wavu. Nikafungua uzio. Nikakaa kitini.

Wakapita. Mkanda mwembamba, macho yao meusi kama nukta za kalamu, wanazunguka kichaka kuelekea kwake. Gramu hamsini. Mia. Nilikuwa nawahesabu kwa macho, siwezi kutazama kitu bila kukihesabu. Mia mbili. Nikasikia upande wa pili kiti kinalia, Raewyn amesimama. Akasema peke yake, polepole, "Haya, njooni." Sauti yake kabisa, ya Lindsay akiongea na maji.

Mia tatu na kitu.

Nikashusha wavu. Saa ilionyesha zimepita dakika nne.

Leo wakati wa kufunga vitu alikuja kuniaga. Akasema labda mwaka kesho hatarudi, labda alirudishe barazani, kumi halina kitu kwa mtu asiyejua. Akasema baba yake siku zote alimwambia kumi ni mahali pazuri. Jana tu, akasema, walipita kidogo, kama gramu mia tatu, akadhani mambo yanaanza. Kisha wakakatika.

Nikamkalisha. Nikamweleza kwa urefu, kama nilivyofundishwa na maisha na si na mtu. Nikamwambia avumilie. Nikamwambia nimekaa kumi misimu ishirini na miwili, nikatoa kilo 717, na hakuna aliyenipitishia hata dagaa mmoja. Ubao apake rangi nyeupe, tabaka mbili. Afike mapema. Asitegemee mtu.

Kumi ni mahali pazuri sana, nimemwambia, kwa mwenye bidii.